Somo la 23: Kapu la Mzee na Kapu la Mtoto



Jioni hii sitawauliza maulizo ya kitabu. Nataka tuutazame uwezo ule ambao kwa huo mtu hulishika neno alilolisikia sasa hivi, akalirudia kabla halijampotea. Maana nimekaa katika kibanda cha mafundisho miaka zaidi ya 20, nami nimeona watu wengi wakihukumiwa kwa uwezo huo. Wengine niliwahukumu mimi mwenyewe, tena vibaya.

Alikuwako mzee mmoja, mvuvi wa zamani, mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, aliyekuja kujiandikisha kwa ubatizo. Nikamsomea jibu moja refu, mara moja tu, kama nilivyozoea. Akaanza vema, akafika katikati, akasimama. Nikalisoma tena kwa haraka zaidi, kwa kuwa wengine walikuwa wakingoja na mvua ilikuwa karibu. Akasimama mahali palepale. Mjukuu wake wa miaka 9, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akalimaliza jibu lote pasipo kukosa. Watu wakacheka. Nami, badala ya kuwanyamazisha, nikasema, "Babu, basi ujifunze kwa mjukuu wako." Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, kichwa changu kimekuwa kapu. Unalimiminia maji bure." Akachukua fimbo yake akaenda. Juma lililofuata hakuja.

Kwa muda mrefu nililisadiki neno lake, ya kwamba kichwa cha mtoto ni chungu kizima na kichwa cha mzee ni kapu. Nadhani ninyi pia mwasadiki hivyo. Basi tulijaribu jambo hili hapo mlipo. Mtoto mmoja wa miaka 7 au 8, mzazi mmoja, na babu au bibi mmoja, wasogee karibu. Nitataja tarakimu moja moja, polepole. Nikiisha kuzitaja, kila mmoja azirudie kwa sauti kama zilivyofuatana, akiwa peke yake, wengine wasimsaidie.

Sita, moja, tisa. (Hapa msomaji anyamaze kidogo.)

Nne, saba, tatu, nane, mbili. (Anyamaze tena.)

Tisa, mbili, sita, moja, nane, tano, tatu. (Anyamaze kwa kitambo kirefu.)

Naam. Nafikiri tarakimu tatu wamezirudia wote. Tano huenda mtoto amezipata kwa shida. Saba mzazi amezipata, au amekosa moja. Na babu je? Kama anasikia vizuri na hapakuwa na makelele, yawezekana amefika tano, sita, hata saba. Mmeona? Kwa jambo hili la kurudia tu, kapu la mzee si dogo kuliko la mtoto.

Hili si jaribio nililolibuni mimi. Mwaka 1887, katika London, mtu aliyeitwa Joseph Jacobs aliwapima wanafunzi wa shule kwa njia hii hii, akaona ya kuwa walio wakubwa kwa umri hushika tarakimu nyingi kuliko walio wadogo. Huko Ufaransa, Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walipotengeneza kipimo chao cha akili ya watoto mwanzoni mwa karne ya 20, waliweka tarakimu ndani yake: mtoto wa miaka 3 alitazamiwa kurudia 2, na wa miaka 4 kurudia 3. Afikapo miaka 7 au 8 mtoto hushika kama 5. Kijana aliyekomaa hufika 7 hivi. Naye mtu akiisha kupita miaka 70, mara nyingi hupungukiwa na tarakimu moja tu, au pungufu ya hapo. Hupanda kwa miaka mingi, hushuka kidogo. Wataalamu huuita uwezo huu kumbukumbu ya muda mfupi.

Akina mama wayajua haya pasipo kusoma. Ukimtuma mtoto wa miaka 4 dukani ukamwambia, "Niletee chumvi, sabuni, viberiti, mafuta ya taa na ndagala," atarudi na chumvi, labda na ndagala kwa sababu zilitajwa mwisho, na hivyo vingine vimedondoka njiani. Usimpige. Hukumtuma mtu mvivu. Ulimtwika mzigo mara mbili ya nguvu zake. Miaka minne baadaye ataleta vyote.

Lakini kwa nini hukua? Wakati mtu anaposhika maneno kwa kitambo, huyarudia ndani yake kwa sauti isiyosikika. Sauti hiyo ina mwendo wake. Mwaka 1975 Alan Baddeley na wenzake wa Uingereza walionyesha kwamba mtu hushika karibu yale tu awezayo kuyatamka katika muda wa sekunde 2 hivi. Maneno mafupi huingia mengi, marefu huingia machache. Mwaka 1980 ikaonekana kwa watu wa Wales wajuao lugha mbili: walishika tarakimu chache kwa Kiwelisi kuliko kwa Kiingereza, kwa sababu tarakimu za Kiwelisi huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa. Watu ni walewale, kichwa ni kilekile. (Labda ndiyo sababu wengi wetu hapa Kongo tukisemezana kwa Kiswahili hutaja namba ya simu kwa Kifaransa, ingawa nadhani majivuno nayo yamo.) Basi mtoto mdogo hutamka polepole, tena kabla ya miaka 7 hivi hajazoea kujirudia moyoni. Kwa hiyo hushika machache. Akikua, ulimi wa ndani hupata mbio. Uzeeni mbio hiyo hupungua tena, na maneno ya mwisho hufika baada ya yale ya kwanza kufifia.

Sasa rudieni jaribio, lakini safari hii kinyume. Nikisema moja, mbili, tatu, ninyi mseme tatu, mbili, moja. Haya: tano, nane, mbili, sita. (Msomaji anyamaze.)

Hapo mzigo umebadilika. Kwanza ulishika tu. Sasa washika na kugeuza kwa wakati mmoja. Hata mwenye nguvu hupungukiwa na tarakimu moja au mbili. Na hapa ndipo umri huonekana wazi zaidi: mzee hapungui sana katika kushika, bali katika kushika huku akitenda jambo lingine. Kushika hesabu ya mbuzi huku akijibu salamu; kushika mwanzo wa jibu refu huku akijiuliza neno fulani lina maana gani. Tena waliochunguza wazee, kama Lynn Hasher na Rose Zacks wa Marekani katika mwaka 1988, walieleza kwamba mzee hushindwa zaidi kufukuza yale yasiyotakiwa. Kuku akipita, mtoto akilia, mawazo hayo huingia ndani na kuketi, na neno lililokuwamo husukumwa nje.

Na neno likisukumwa hupotea upesi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1959, katika Marekani, Lloyd Peterson na Margaret Peterson waliwapa vijana wa chuo kikuu, wenye akili nzima, herufi 3 tu kuzishika. Mara hiyo wakawaambia wahesabu kurudi nyuma kwa kutoa tatu tatu. Baada ya sekunde 18 herufi zilikuwa zimepotea karibu zote. Herufi tatu! Nami nilimtaka mzee ashike sentensi ya maneno 20 huku watu wakicheka nyuma yake.

Yako mambo ambayo mtoto humshinda mzee kweli, nami sitaki kuwapaka mafuta wazee wenzangu wa kesho. Kushika kwa macho ni mojawapo. Mwaka 2013 James Brockmole na Robert Logie walitangaza matokeo ya watu 55,753 wa miaka 8 hata 75, walioonyeshwa maumbo yenye rangi kwa kitambo kidogo, kisha wakaulizwa yalikuwa wapi. Uwezo huo ulifika kileleni kwa miaka 20, ukashuka moja kwa moja. Walio na miaka 55 walikuwa chini ya watoto wa miaka 8 na 9. Basi mjukuu akikuambia, "Bibi, kisu umekiacha juu ya kinu," msadiki, usibishane naye.

Upande wa pili, jambo hili: mtu akijua kitu, hukishika kwa mafungu. Mwaka 1956 George Miller wa Marekani aliandika kwamba kichwa chaweza kushika mafungu 7 hivi, yakizidi mawili au yakipungua mawili. Baadaye, mwaka 2001, Nelson Cowan alionyesha kwamba mtu asipopata nafasi ya kujirudia ndani wala kuunganisha, hushika mafungu 4 hivi tu. Lakini fungu ni nini? Namba ya simu ya kwetu ina tarakimu 10. Ukizishika moja moja utashindwa. Lakini zile za mwanzo za kampuni ya simu wazijua tangu zamani, nazo zahesabiwa fungu moja. Zilizobaki wazikata mbili mbili au tatu tatu. Tarakimu 10 zimekuwa mafungu 4. Mzigo ni uleule, umefungwa kwa kamba.

Na kamba hiyo ni maarifa. Mwaka 1978 Michelene Chi aliwaita watoto wa miaka 10 hivi, wajuao sana mchezo wa sataranji, akawaita na watu wazima wasioujua sana. Akawaonyesha ubao wenye vipande vya mchezo kwa sekunde chache, akauondoa. Watoto wakarudisha vipande mahali pake kuwashinda watu wazima. Akawapa tarakimu: watu wazima wakawashinda watoto. Kumbe si umri peke yake unaopima kapu, bali na kitu kinachotiwa ndani. Anayejua, hushika kwa mafungu makubwa.

Ulizo: Basi mbona yule mjukuu wa mvuvi alilijua jibu lote? Jibu: Kwa kuwa hakulishika kwa kitambo kidogo hata kidogo. Alikuwa amelisikia shuleni kila asubuhi tangu mwaka uliotangulia, wenzake 40 wakiliimba pamoja. Lilikwisha kuhamia katika ghala, yaani katika kumbukumbu ya kudumu. Babu yake alilisikia mara mbili. Niliwalinganisha watu wawili kana kwamba wametoka pamoja, hali mmoja alikuwa amekwisha fika na mwingine ndio kwanza avae viatu. Huo ulikuwa upofu wangu.

Ghala la mzee lenyewe ni kubwa. Mwaka 2015 Joshua Hartshorne na Laura Germine wa Marekani walionyesha kwamba uwezo wa akili haufiki kileleni siku moja wote: mwingine hufika kabla ya miaka 20, mwingine karibu na 30, na ujuzi wa maana za maneno huendelea kupanda hata baada ya miaka 60. Mimi nililiona hilo msibani. Yule mvuvi aliitwa aamue neno la mahari katika ukoo wake, naye akataja mbuzi na majembe na vitenge vilivyotolewa kwa mabinti saba, kwa muda wa miaka 30, nani alileta, nani alipokea, nani angali na deni. Hakuna aliyeandika. Hakuna aliyembishia. Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka wa nyuma, nami nilitamani nisionekane.

Wazee wetu walijua pia kutoegemeza yote kichwani. Katika nchi ya Waluba, upande wa Katanga, watu wa chama cha Mbudye walikuwa na ubao uitwao lukasa, wenye shanga zilizopangwa. Aliyefundishwa aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kuume juu ya shanga, na kila shanga ikamletea habari za wafalme, safari na mahali. Mkono ulishika mpango, kichwa kikabaki huru kusimulia. Rozari yafanya kazi iliyo karibu na hiyo: vidole vyahesabu kumi, nawe huhitaji kuhesabu huku ukisali. Kwa mzee hilo si jambo dogo, maana tumekwisha kuona kwamba kushika na kutenda pamoja ndiko kunakomchosha.

Sasa niwaambie habari za wale ambao kapu lao limetoboka kweli, maana wako. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza ugonjwa wa ubongo ambao leo waitwa kwa jina lake. Mgonjwa huuliza swali, hujibiwa, na baada ya dakika chache huuliza lilelile kana kwamba hakuuliza kamwe. Hupotea katika njia ya kisima alichokiendea maisha yake yote. Mama aliyepika ugali miaka 50 husimama mbele ya chungu asijue kinachofuata. Hayo si uzee tu, ni ugonjwa. Kusahau mahali pa ufunguo ni kawaida. Kusahau ufunguo ni wa kazi gani si kawaida. Tena si kila mwenye dalili hizo ana ugonjwa huo. Upungufu wa vitamini, dawa nyingine, majonzi makuu baada ya msiba, vyaweza kuvuruga kichwa, na vingine vyatibika. Mzee aliyekuwa mzima jana, na leo hajui alipo, huenda ana malaria au homa nyingine kali, au ameishiwa maji mwilini; apelekwe kwa mganga wa hospitali siku hiyohiyo, asingojewe mpaka kesho.

Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu twajua linalotendeka katika vijiji vingine. Bibi kizee huzunguka usiku, husema peke yake, huita watu kwa majina ya waliokufa. Mtoto wa jirani akiugua, watu humnyoshea kidole: mchawi. Amefukuzwa mwanamke mzee nyumbani kwake, hata amepigwa, na kosa lake lilikuwa kusahau. Ninyi mliofanya jaribio jioni hii mmesikia wenyewe jinsi neno linavyoponyoka hata katika kichwa cha kijana. Aliyepoteza yote hana hila. Amepungukiwa na kitu ambacho ninyi mwapungukiwa nacho kidogo kila siku.

Katika kibanda changu nimebadilisha mambo machache. Mzee huketi mbele, mahali ninapoonekana mdomo, maana wengi masikio yamedhoofika, na anayepigania kulisikia neno hana nguvu iliyobaki ya kulishika. Jibu refu nalikata vipande vitatu au vinne, kila kipande kiwe na maana yake. Kwanza twaeleza maneno mapya, kisha ndipo twarudia. Sisomi upesi. Kipande cha leo twakirudia kesho, na tena baada ya siku tatu, na tena Dominika, kwa kuwa neno lililorudiwa kwa siku mbalimbali hukaa kuliko lililopigwa mara 20 kwa siku moja. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuliandika hilo mwaka 1885, akijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Na anayecheka hutoka nje.

Nilimwendea yule mvuvi baada ya msiba ule. Sikujua nianzie wapi, nikaanza na kumwomba radhi. Akasema, "Mwalimu, kaa kwanza." Akaniletea kiti na maji. Tukalikata lile jibu vipande vinne, pale uani, nyavu zake kuukuu zikiwa zimetundikwa ukutani. Kila kipande akakifunga kwenye fundo moja la wavu kwa kidole chake, kama afanyavyo mvuvi akihesabu. Ilichukua majuma matatu. Siku aliposimama mbele ya padri alilisema jibu lote, ila mahali pamoja aliondoa neno la kitabu akaweka neno la kwao lenye maana ileile. Padri akanitazama. Nami nikatikisa kichwa kwamba ni sawa, akaendelea.